Kumtoa Bibi kwa Mwendo wa Ng'ombe

Jirani yangu hapa Kiseke anafuga ng'ombe wawili wa maziwa uani kwake, na jioni mbu wakizidi huwasha mavi makavu ndani ya karai bovu. Moshi ule hupita juu ya ukuta na kuingia jikoni kwangu bila kupiga hodi. Watoto wangu hukimbilia madirisha. "Mama, funga, kunanuka!" Mimi sifungi. Husimama pale na mwiko mkononi, na kabla ugali haujaiva nimeshafika mbali: niko darasa la tatu, miguu imejaa vumbi hadi magotini, mbele yangu anatembea bibi mzaa mama, Bibi Minza, na mimi namwogopa kuliko fisi.

Ngoja niwaambie mapema tulikuwa tunafanya nini, maana sipendi msimuliaji anayemficha mwenzake. Tulikuwa tunamtoa bibi kijijini kabla hajauawa. Ndiyo, kuuawa, kwa mapanga, kama walivyouawa vikongwe wengine miaka ile. Kosa lake lilikuwa macho.

Kile kijiji chetu, nyuma kabisa ya Sengerema, kuni zilikuwa zimekwisha zamani. Vichaka vyote vililiwa na mashamba na mifugo, basi wanawake wakawa wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Moshi wake mnaujua? Unauma. Unaingia machoni na kukaa humo. Mwanamke aliyeinamia moshi ule tangu usichana wake, akizeeka macho huwa mekundu kama nyanya mbivu, na machozi yanamtoka hata akicheka. Bibi yangu alikuwa hivyo. Kwangu yalikuwa macho ya bibi tu, kama vile pua yake ilivyokuwa pua ya bibi.

Mwaka huo, kwenye masika, mtoto mchanga wa jirani alifariki kwa homa. Wazazi wake wakaenda kwa mganga, wakarudi na jibu kwamba adui ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu, anakaa upande jua linakozama. Mganga hakutaja jina. Angelitaja la nini? Kila mtu alijua ni mlango gani ulioko upande huo.

Mimi nilifika likizo ndefu, sijui lolote. Mama yangu alikuwa akiuza dagaa pale Igogo, na kila likizo alinipandisha kivuko na mfuko wa sukari na salamu nyingi, ng'ambo nikapokewa na Mjomba Masanja, kaka yake. Nilizipenda zile likizo, jamani. Nilimpenda bibi kwa sababu moja kubwa: aliniruhusu kumtukana.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Huwezi kumjibu mama yako hata kwa jicho, ila bibi yako unaweza kumwita zee lisilo na meno mbele ya wageni, na wageni wakacheka wakashika mbavu. Yeye aliniita "mke mwenzangu." Alidai nimemnyang'anya mume. Babu alifariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo tulikuwa tunagombania marehemu, lakini tuligombana kweli kweli. "Kabula, wewe mke mvivu, hujui hata kusonga ugali, mume wetu amekupendea nini?" Nami najibu, "Amenipendea meno, wewe unayo mawili!" Hapo hupiga makofi, na machozi yake yakamtoka.

Safari hiyo nilikuta nyumba imepoa. Hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto asubuhi. Wanawake walipopita kwenda kisimani waliamkia ardhi, "Mwangaluka," halafu wakakaza mwendo. Mjomba alikuwa mkali bila sababu na usiku hakulala kwake, alikuja kulala sebuleni kwa bibi na fimbo.

Aliyenifumbua macho ni Holo, mtoto wa jirani, rika langu, mwembamba, mwenye maneno ya mtu mzima. Tulikuwa kisimani tukisubiri zamu.

"Bibi yako anapanda fisi," akasema.

"Mwongo wewe!"

"Anapanda. Ndiyo maana macho mekundu, usiku halali. Wachawi wanaanza kwa kunyonya damu. Wajukuu wao wanawaacha mpaka mwisho, wengine wakiisha."

"Nani kasema?"

"Lisemwalo lipo," akajibu, akachota maji yake akaenda zake.

Ninyi mtacheka, lakini neno lile liliniingia kama funza kwenye kidole: dogo, halafu linanenepa. Jioni ile bibi alinitania kama kawaida na mimi nikanyamaza. Nilimtazama macho, mara ya kwanza nikiyatazama hasa, nikaona ni mekundu kweli. Akanitania tena. Nikasema nina usingizi. Naye akaendelea kuchambua kunde.

Siku chache baadaye Mjomba Masanja akatangaza kwa sauti, karibu na njia, ili wapitao wasikie, kwamba kiangazi kimekuwa kibaya na anahamishia ng'ombe kwa mjomba wake, yaani kaka yake bibi, ng'ambo ya vilima karibu na ghuba ambako majani bado yapo. Na mama yake ataenda kumsalimu kaka yake, hawajaonana miaka. Na mjukuu atawasindikiza.

Sasa, ukubwani, naielewa akili iliyokuwa ndani ya tangazo lile. Kwa nini hatukupanda gari? Gari linapandiwa kituoni, na kituoni ndiko walikokaa vijana wa kijiji waliokuwa wakinoa maneno juu yake. Bibi akionekana pale na furushi, amekimbia. Na kwetu anayekimbia amekiri. Wangemfuata njiani, au wangeigeukia nyumba ya mjomba na wanawe. Lakini ng'ombe wakihamishwa kiangazi, nani atashangaa? Kila mwaka watu huhama na mifugo yao. Mwizi na mchawi hukimbia, mwenye ng'ombe hujikokota tu.

Na tulijikokota. Ee Mungu wangu! Hamjawahi kuogopa kama hamjaogopa kwa mwendo wa ng'ombe. Ng'ombe hana habari na shida zako. Anatembea hatua kadhaa, anaona jani, anasimama, analizungusha ulimi, anatafakari. Ukimchapa sana anakata kushoto na wenzake wote wanamfuata. Mbele alikuwa jike mkubwa tuliyemwita Madoa, kengele shingoni, na yeye ndiye alikuwa mkuu wa msafara. Mjomba alimpigia mluzi mrefu wa taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, huku shati lake limeloa mgongoni na jua halijapanda.

Tulipita mlango kwa mlango kutoka kijijini. Bibi aliagana na kila kaya. "Bakini salama, tunaenda kutafuta majani!" Wachache waliitikia. Mwanamke mmoja alimshika mwanawe mkono akamwingiza ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Mimi niliona nikaujua ule mlango umefungwa kwa sababu gani, na nikatamani niwe upande wake wa ndani.

Baada ya mashamba ya mihogo kuisha tukaingia pori. Wale mnaoijua Mwanza kwa mawe yake ya mjini, yale mnayopigia picha, fikirieni mawe kama hayo yasiyo na nyumba wala taa, moja limekaa juu ya jingine, katikati nyufa za giza, na pimbi wanachungulia juu kama watoto wasiotaka kulala. Chini majani makavu yanakatika tu, kch, kch. Mbung'o wanauma kupitia nguo. Njia ni ya ng'ombe, yaani ni mtu kama mimi kugeuka kushoto na kulia kukwepa miiba, na kilima kimoja kikiisha unakuta kilikuwa kinamficha mwenzake. Harufu ilikuwa ya vumbi, jasho la ng'ombe na lile jani la porini linalonuka kama kitunguu ukilikanyaga. Nilishika mkia wa ndama ili nisibaki nyuma. Bibi alikuwa mbele, kanga kichwani hadi kwenye nyusi, fimbo mkononi, anatembea bila kuchoka.

"Mke mwenzangu," akaniita bila kugeuka, "mbona umeshika mkia wa ndama? Mume mpya huyo?"

Sikujibu. Mjomba alinitazama, halafu akamtazama mama yake.

Jua lilipoanza kuteremka tukamwona fisi. Alitoka kwenye ufa wa mwamba, mgongo umeinama, akasimama njiani akatutazama. Ng'ombe wakajikusanya. Mimi mkojo ulinibana palepale. Lakini sikumtazama fisi, nilimtazama bibi, maana nilitaka kuona kama watasalimiana.

Bibi aliokota jiwe. Akamfokea kwa Kisukuma kizito, maneno mengine siwezi kuyaandika hapa, akimwita mvivu, mla mizoga, mwenye makalio ya kuchechemea, nenda zako huna haya! Alimfokea kama vile mtu anavyomfokea mbwa wa jirani aliyeingia jikoni. Kisha akarusha jiwe, likampita kwa mbali kabisa. Na yule fisi, sijui kwa nini, akageuka akaondoka taratibu, bila kukimbia.

Mjomba alicheka. "Mayu, mama yangu, hata jiwe lako halikumgusa!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: bibi amesema, fisi ametii. Holo alikuwa amesema kweli.

Tulilala kwa mchunga ng'ombe mmoja, rafiki wa mjomba, mwenye kaya yake peke yake ndani ya mbuga. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando, nikatandikiwa mkeka pamoja na bibi. Nililala mgongo ukutani. Sihitaji kuwaeleza usiku wenyewe. Nitawaambia tu kwamba kutoka nje kwenda kujisaidia kulikuwa na maana ya kumruka bibi, na sikumruka. Asubuhi mkeka wa watu ulikuwa umeloa. Bibi aliuona kabla ya mtu yeyote. Aliuchukua haraka, akaukunja, akautoa nje akaumwagia maji kana kwamba amemwaga kibuyu kwa bahati mbaya, akaomba radhi kwa wenyeji kwa uzee wake. Hakusema neno kwangu.

Siku hiyohiyo nilichomwa na mwiba. Uliingia kisiginoni ukakatikia ndani, na mjomba alikuwa mbali akimgeuza Madoa aliyeamua kwenda kwake. Nikakaa chini nikilia. Bibi akarudi, akapiga magoti, akaushika mguu wangu akauinua juani.

"Vidole vyangu havioni tena," akasema. "Meno ndiyo yanaona."

Akainama, akaweka mdomo wake kisiginoni kwangu.

Jamani. Naomba mnielewe. Pori lile lote, mawe yale, hakuna mtu, na yale maneno ya kunyonya damu. Nilifumba macho nikaanza Baba Yetu, nikasahau katikati, nikaanza tena. Nilisikia pumzi yake ya moto, nikasikia meno yale mawili yakitafuta, kisha maumivu makali, kisha akageuka pembeni akatema. Aliniletea mwiba kwenye kiganja. "Huyu hapa mgeni wako," akasema. Ulikuwa na damu kidogo kwenye ncha. Na mdomoni mwake ilikuwepo, kidogo, pembeni. Alijifuta kwa kanga.

Alitaka kunibeba mgongoni. Nilikataa, nikatembea kwa vidole vya mguu, nachechemea kama yule fisi. Tulipofika juu ya kilima kirefu kuliko vyote nikaliona ziwa, mbali sana, ukanda mwembamba unaong'aa, nikajua ng'ambo yake ndiko Igogo, ndiko mama yangu amekaa kwenye kigoda anapepeta dagaa. Nililia kimyakimya. Bibi alisimama karibu yangu, si karibu sana, akatazama alikotazama mjukuu wake. Akasema, "Tutafika, mke mwenzangu." Hiyo nayo sikuijibu.

Chini ya kilima kile kulikuwa na kijito ambacho hakikauki kiangazi. Ng'ombe walinusa maji kabla yetu, wakaanza kukimbia, ndiyo mara pekee waliyokimbia safari nzima, na ndiyo mara ambayo mjomba asingetaka wakimbie. Maana kwenye kijito kulikuwa na watu.

Vijana wa ulinzi wa vijiji vya upande ule. Wamekaa kwenye mawe, wengine na pinde, wengine marungu, mmoja ana panga amelaza mapajani. Aliyekuwa mkubwa wao alivaa koti zito mchana wa jua na filimbi shingoni. Waliinuka wote. Hakuna aliyetusalimu kwanza, na kwetu mtu asiyekusalimia amekwisha kukuhukumu.

Mjomba akaamkia. "Mwadila, ndugu zangu." Wakaitikia kwa uzito. Yule mwenye filimbi akauliza tunatoka wapi. Mjomba akasema. Wawili wakatazamana. Maneno yanatembea kuliko ng'ombe, kumbe yalikuwa yameshafika pale kabla yetu.

"Tumesikia huko kwenu kuna bibi mmoja mbaya ametoroka," akasema yule wa filimbi.

"Sisi tunatafuta majani," mjomba akasema. "Huyu ni mama yangu, anaenda kwa kaka yake."

"Mama, hebu toa hiyo kanga usoni."

Bibi akaisogeza kanga. Wakayaona macho yake. Yule mwenye panga akasimama akasogea, na ng'ombe nyuma yetu wanakunywa maji, gwaa, gwaa, wala hawana habari. Mjomba akaanza kueleza habari za moshi, sauti yake imekuwa nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo. Yule wa filimbi akamkatiza kwa mkono.

"Wewe nyamaza. Mwana hawezi kumsema mama yake. Huyu mtoto ndiye atasema. Mtoto hadanganyi." Akachuchumaa mbele yangu. Alinuka ugoro na jasho. "Binti, huyu ni nani wako?"

Midomo ilikuwa inacheza yenyewe.

"Mbona unatetemeka? Unamwogopa?"

Wote wakanitazama. Yule mwenye panga alinitazama kuliko wote. Na ukweli ulikuwepo mdomoni mwangu, umeshafika kwenye ulimi: ndiyo, namwogopa. Ningeitikia kwa kichwa tu ingetosha.

Bibi hakunitazama. Alikuwa ameegemea fimbo yake anawatazama ng'ombe. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya jikoni, "Ataniogopaje mimi? Huyu mke mwenzangu anachoogopa ni kwamba nitawaambia. Jana usiku ameukojolea mkeka wa watu. Mkubwa hivi! Darasa la tatu!"

Ndugu zangu, aibu ina nguvu kuliko woga. Mbele ya wanaume wale wote! Na alikuwa amenifichia, nilidhani amenifichia! Hasira ilinipanda kutoka kwenye kisigino kilichochomwa mwiba hadi kwenye utosi, nikasahau fisi, nikasahau damu, nikasahau panga. Nikapiga mguu chini nikafoka:

"Mwongo! Ni wewe uliyekojoa! Zee jinga lisilo na meno! Ndiyo maana mume wetu alikukimbia akaja kwangu!"

Yule mwenye filimbi akanitazama, akamtazama bibi. Kisha mtu mmoja kwenye mawe akapasuka kicheko. Kisha mwingine. Yule mwenye filimbi akakaa chini kabisa kwenye mchanga, anajipiga paja, anarudia, "Akaja kwangu! Mmesikia? Akaja kwangu!" Hata yule wa panga alitabasamu huku akijaribu kutotabasamu. Bibi naye akaruka juu juu, "Mnamwona? Mnaona nyumba niliyomo? Kila siku hivi! Nitaenda kushtaki wapi?" na machozi yakamtoka kwenye macho yale mekundu, na sasa kila mtu akaona ni macho ya bibi kizee tu anayecheka.

"Haya mama," akasema mwenye filimbi akijifuta, "mchukue mke mwenzako mwende. Na umfundishe adabu."

"Huyu? Hafundishiki."

Lakini hatukuweza kwenda, maana ng'ombe hawajamaliza kunywa. Tulisimama pale tukiwasubiri. Madoa alikunywa, akainua kichwa, akafikiri, akanywa tena. Wale vijana walikuwa bado wametuzunguka, kicheko kinaanza kuisha, na yule wa panga amerudi kumtazama bibi. Bibi akanitania tena. Nikamjibu. Akanitania, nikamjibu, nikamwita kila jina nililolijua na mengine nikayatunga papo hapo, mpaka Madoa alipotoka majini mwenyewe na kengele yake ikaanza kwenda mbele. Mjomba akapiga mluzi wake ule wa taratibu. Ulitoka umekatikakatika.

Tulipopita kona ya mwamba bibi alikuwa mbele yangu na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani anacheka. Nikamkimbilia kwa mguu mmoja nikamwambia, "Na bado sijakusamehe!" Hakugeuka, alinyoosha mkono nyuma tu, na mimi nikaushika.

Sitawadanganya kwamba woga uliisha siku hiyohiyo. Jioni nilimtazama macho tena kwa kuibia. Lakini mtu uliyemwita zee jinga mbele ya umati, ukamshika mkono, ni vigumu kumrudisha kuwa mchawi. Tulifika kwa kaka yake siku iliyofuata, mzee mpole mwenye kaya kubwa na miti ya kutosha, ambako bibi alipikia kuni hadi mwisho wa maisha yake. Alikufa kwa uzee, kitandani, mimi nikiwa nimeshaolewa.

Ni kwenye msiba wake ndipo Mjomba Masanja, naye sasa ana mvi, alipokaa karibu nami kwenye jamvi, akavua kofia, akaniuliza kama naikumbuka ile safari. Nikamwambia ninaikumbuka yote. Nikacheka kidogo, nikasema nilikuwa namwogopa bibi na yeye masikini hakujua.

"Hakujua?" Mjomba akanishangaa. "Alijua tangu jioni ile ya kwanza uliyokataa kumjibu. Mimi nilitaka kukuacha. Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili pale kijijini, siku mbili tu, mama yako aje akuchukue. Nilimwambia, Mayu, huyu mtoto anakuogopa, na sura yake haijui kuficha. Tukikutana na watu atakuua bila kufungua mdomo. Mwache."

"Akasemaje?"

Mjomba akaizungusha kofia yake.

"Akasema, nikimwacha leo atakua akiniogopa. Wale hata wakinikosa, kwake nitakuwa nimekwisha kufa. Akasema twende naye."

Njia nzima ile, vilima vyote vile, nilidhani mwenye hofu ni mimi. Kumbe kila alipokuwa akiniita mke mwenzangu na mimi nikanyamaza, bibi yangu alikuwa akitembea mbele ya mtu mmoja tu aliyeweza kumuua, na hakutaka kwenda bila huyo.